Kilio Kilichotafsiriwa

Washa redio asubuhi yoyote, saa za kipindi cha kupokea simu, na kabla chai haijapoa utasikia sentensi ya namna hii: "Ndugu mtangazaji, sisi wananchi wa hali ya chini tunaomba mtufikishie kilio chetu kwa wahusika." Anayepiga huenda analia na maji yasiyotoka, na daraja lililochukuliwa na mafuriko, au na mbolea iliyopanda bei. Mada hubadilika, sentensi haibadiliki. Tumeizoea mno, hata masikio yetu huiruka na kwenda moja kwa moja kwenye maji, daraja na mbolea. Lakini yuko mtu ambaye kazi yake ni kutoiruka, naye ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika taaluma ya mawasiliano. Daraja lina wahandisi wake. Yeye anachunguza watu wanavyosemezana kuhusu daraja. Basi jioni hii tuifuate sentensi hiyo, kutoka kwenye simu ya mpigaji mpaka kwenye tasnifu yenye jalada gumu, tuone inafika na nini na inaacha nini njiani.

Safari yenyewe kwa kawaida huwa hivi. Mtafiti hurekodi kipindi, hukaa na vipokea sauti masikioni akinukuu neno kwa neno, kisha hutafsiri alichokinukuu kwa Kiingereza. Tasnifu ni ya Kiingereza, msimamizi anataka rasimu ya Kiingereza, na pengine mtahini wa nje hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Uchambuzi unaanzia hapo, kwenye tafsiri. Maneno hupangwa katika mafungu, mafungu hupewa majina, na majina hugeuka vichwa vya habari vya sura ya nne. Mpiga simu wetu anaibuka ukurasa wa mia na kitu, ndani ya alama za kunukuu, akieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wakazi wenye kipato kidogo wanaomba kituo kiwasilishe malalamiko yao kwa mamlaka. Hakuna uongo hapo. Ukimweleza mwenyewe maana yake, atakubali kwamba ndicho alichotaka. Ila sicho alichosema: yeye alisema kilio.

Malalamiko huandikwa, hupokelewa, hugongwa mhuri na kufunguliwa jalada, na aliyeyapokea anaweza kuyashughulikia wiki ijayo bila mtu kumshangaa. Kilio husikika, na anayekisikia akajifungia ndani ana lake jambo. Katika sehemu nyingi za bara msiba wenyewe huitwa kilio, na kwenda kilioni hakuhitaji mwaliko. Kwa neno hilo moja mpiga simu amemwinua mkuu wa idara kutoka kwenye kiti chake na kumweka katika nafasi ya jirani aliyesikia mtu akilia usiku. Na hao "wahusika" ni akina nani? Hakuwataja. Inaweza kuwa adabu, inaweza kuwa woga, inaweza kuwa hajui maji yako chini ya ofisi gani. Tafsiri imeamua kwa niaba yake: mamlaka. Lakini mzigo mkubwa uko kwenye kitenzi. Fika, fikisha, fikishia, mtufikishie: ndani ya neno moja kuna wenye kufikisha, kuna wenye kufanyiwa hisani hiyo, na kuna mahali ambapo hawa wa pili hawafiki wenyewe. Lilinganishe na jina ambalo taaluma imejipa. Kuwasiliana kunaishia na kile kiambishi cha kutendana kilichomo katika kusalimiana na kupigana. Huwezi kuwasiliana peke yako, kama usivyoweza kusalimiana peke yako. Mpiga simu hakuomba kuwasiliana na mkuu wa idara. Aliomba afikishiwe. Kwake yeye, kituo cha redio ni tarishi mwenye ruhusa ya kupita mlango ambao kwake umefungwa.

Sasa tazama nadharia ambayo tasnifu nyingi kuhusu vipindi vya simu huegemea. Mwaka 1962 Jürgen Habermas alitoa kwa Kijerumani kitabu chake kuhusu uwanja wa umma, kikafika kwa Kiingereza mwaka 1989, na tangu hapo hakuna mapitio ya maandiko yanayokamilika bila yeye. Alieleza jinsi watu wa karne ya 18, katika migahawa ya kahawa ya London na kumbi za Paris, walivyokutana kujadili mambo ya umma kwa nguvu ya hoja, vyeo vikiwa vimewekwa kando. Mtafiti mwenye tafsiri pekee mkononi ataona wananchi wanatoa maoni, mtangazaji anaongoza mjadala, na atahitimisha kwamba kipindi cha simu ni uwanja wa umma wa Kiafrika. Mwenye "mtufikishie kilio" mkononi atalazimika kusimama kidogo. Huenda ni uwanja kweli. Huenda ni baraza la chifu lililohamia hewani. Nakiri kwamba usomaji wangu unaweza kupingwa. Mtu anaweza kuniambia kwamba neno kilio limeshachakaa, limebaki neno la mazoea kama "ndugu mtangazaji", na kwamba ninalibebesha maana ambayo mpiga simu mwenyewe hakuwa nayo. Vizuri, tubishane. Ugumu ni kwamba ubishi huo hauwezi hata kuanza ndani ya tasnifu ambamo neno lenyewe halimo.

Hapo ndipo penye dai langu. Anayesomea udongo wa Morogoro akiandika ripoti yake kwa Kiingereza, udongo haubadiliki. Uko kwenye mfuko, mtu yeyote anaweza kuurudia na kuupima upya. Anayesomea mawasiliano hana mfuko mwingine isipokuwa maneno ya watu. Akishayabadilisha maneno kabla ya kuyachambua, amebadilisha sampuli, na kila anachokipima baada ya hapo anakipima katika kitu alichokitengeneza yeye mwenyewe usiku kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo tasnifu ya uzamivu katika mawasiliano, iwe imeandikwa kwa lugha gani, inapaswa kuchambua usemi katika lugha uliosemwa, na kumwonyesha msomaji usemi huo. Sidai zaidi ya hayo, ingawa naona hata hayo yanawatisha wengi.

Tuulize tabia hii imetoka wapi. Taaluma ya mawasiliano kama somo la udaktari ina umri mdogo. Wilbur Schramm alianzisha mpango wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1943, wakati wa vita, na mwaka 1947 akafungua taasisi ya utafiti wa mawasiliano kule Illinois. Kutoka katika mazingira hayo ya Marekani zikazaliwa nadharia ambazo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anazikariri leo. Ile ya uwekaji ajenda, kwa mfano, inatokana na utafiti wa Maxwell McCombs na Donald Shaw katika mji wa Chapel Hill, North Carolina, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1968. Waliwahoji wapiga kura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua wampe nani kura, wakalinganisha majibu yao na yaliyoandikwa na kutangazwa na vyombo vya habari walivyovitumia, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Watu 100, mji mmoja. Wala siwacheki, kazi ile ni safi. Ninachotaka uone, msikilizaji, ni kwamba mhojaji, mhojiwa, gazeti na profesa wote walikuwa wa Kiingereza kimoja. Tafsiri haikuwa tatizo kwao hata dakika moja. Kwa sababu hiyo vitabu vya mbinu za utafiti vilivyotoka katika ulimwengu huo vina sura nzima nzima kuhusu sampuli, dodoso na namna ya kuhesabu, na kuhusu tafsiri mara nyingi vina aya moja au hakuna kabisa. Mwanafunzi wetu amerithi vitabu hivyo pamoja na pengo lake. Ukifungua sura ya tatu ya tasnifu yake, ile ya mbinu, utakuta kurasa kadhaa za kutetea ukubwa wa sampuli, kisha sentensi moja: dodoso lilitafsiriwa kwa Kiswahili na majibu yakatafsiriwa kwa Kiingereza. Nukta. Aya mpya.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na sisi, na unafaa kutazamwa bila haraka kwa sababu ni mfano wa kazi nzuri. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Mmoja wa wahusika wake wakuu ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho wake unaweza kuukisia. Kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha mchezo huo, ukarusha vipindi vingine, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Katika timu ya watafiti alikuwemo Everett Rogers, yule yule wa nadharia ya usambaaji wa mambo mapya, kitabu cha mwaka 1962. Jaribio la ukubwa huo, la taifa zima, kwa mchezo wa redio, ni nadra popote duniani, na matokeo yake yalionyesha kwamba mchezo ulichangia watu kufuata uzazi wa mpango. Heshima yake iko pale pale.

Lakini utafiti wa aina hii lazima uulize, miongoni mwa mengine, iwapo mtu amezungumza na mwenzi wake kuhusu uzazi. Ndiyo au hapana. Fikiria sasa nyumba ya Kiswahili. Mke anaweza kuwa amemgusia mumewe. Anaweza kuwa amemdokeza, amemtupia neno, amejifunga kanga yenye msemo wake akapita mbele yake mara mbili, au amemtuma wifi aseme kana kwamba linatoka kwake. Ni lipi kati ya hayo ni "kuzungumza"? Mmoja atajibu ndiyo, mwingine aliyefanya jambo hilo hilo atajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuzungumza, alidokeza. Kwa mtu wa takwimu huo ni mkanganyiko mdogo unaoweza kuvumilika. Kwa mtu wa mawasiliano, tofauti kati ya kudokeza na kuzungumza ndiyo mada yenyewe. Ndiyo tasnifu ambayo angetakiwa kuiandika. Ajabu ni kwamba Rogers alijijenga kitaaluma kwa kuwasikiliza watu wa kwao: tasnifu yake ya mwaka 1957 ilihusu wakulima wa Iowa, jimbo alikozaliwa, na jinsi walivyozipokea mbinu mpya za kilimo. Alijua mkulima wa kule akisema "labda" anamaanisha nini. Faida hiyo hiyo mwanafunzi wetu anazaliwa nayo, halafu chuo kinamwambia aiache getini.

Na pale watu walipofanya kazi ndani ya lugha ya walengwa, Tanzania imewahi kuipa dunia kitu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio: kipindi kinarushwa, kijitabu kinasomwa, kikundi kinajadili, kisha watu wanatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Yote kwa Kiswahili, kuanzia hati ya mtangazaji hadi ubishi wa kikundi. Budd Hall, aliyekuwa katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Marja-Liisa Swantz wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa waliojenga hapa, katika miaka ile ile, fikra ya utafiti shirikishi, ambayo leo inafundishwa mabara yote. Wote wawili ni wageni, na hilo halinisumbui. Walilazimika kukaa na wanakijiji wakijadili, na ukikaa na watu wakijadili kwa lugha yao ni vigumu kuendelea kuamini kwamba wao ni masanduku ya kujazwa ujumbe.

Ushahidi ambao naona ni mzito kuliko wote, hata hivyo, hautoki chuoni. Unatoka Arusha, kwenye iliyokuwa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, ya Septemba 1998, ina sehemu inayojadili matatizo ya lugha. Mashahidi walisema kwa Kinyarwanda. Majaji walisikia Kifaransa na Kiingereza. Mahakama haikuridhika na tafsiri peke yake. Ilimwita mtaalamu wa isimu kueleza maneno kama inyenzi, yaani mende, na inkotanyi, yalikuwa na maana gani, kwa nani, na katika mwaka gani. Ilibainisha pia kwamba mashahidi walitumia maneno mbalimbali ya Kinyarwanda, miongoni mwake gusambanya, kuryamana na gufata ku ngufu, na wakalimani wakayapeleka yote kwa majaji kama neno moja la kubaka. Kuryamana kunatoka kwenye kulala, na gufata ku ngufu ni kukamata kwa nguvu. Shahidi anayesema la kwanza na anayesema la pili huenda wametendewa ukatili ule ule, lakini kila mmoja amechagua kiasi cha kusema mbele ya watu, na majaji walitakiwa kuujua uchaguzi huo kabla ya kuamua. Desemba 2003 mahakama hiyo hiyo ikawahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kuhusu redio RTLM ya Rwanda, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Katika matangazo ya RTLM "kazi" iliweza kuwa na maana ya kuua. Tafsiri sahihi ya kamusi ingewaachia majaji redio iliyokuwa ikihimiza watu wachape kazi.

Utasema mahakama inaamua hatima ya watu, tasnifu inaamua tu nani aitwe daktari. Kweli. Lakini fikiria kinyume chake: ikiwa majaji, ambao wala si watu wa mawasiliano, waliona kwamba neno lililotafsiriwa haliwezi kubeba ushahidi bila maelezo, inakuwaje taaluma ambayo imejipa jina la mawasiliano ndiyo imlegezee mtu wake? Shahidi wa Arusha alikuwa na mkalimani, mnukuzi, mtaalamu wa isimu, na wakili wa upande wa pili aliyelipwa kusema "hapana, neno hilo halina maana hiyo." Mwanafunzi wa uzamivu ni yote hayo peke yake, na siku ya kutetea tasnifu anaulizwa kiunzi chake cha nadharia ni kipi.

Pingamizi la kwanza ambalo hutolewa ni istilahi: Kiswahili hakina maneno ya taaluma hii. Sitakaa hapa sana. Idara ya Kiswahili ilifunguliwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1970, na leo katika TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyoundwa mwaka 2009, watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili juu ya fonolojia, mofolojia na nadharia ya fasihi, mambo ambayo hayakuwa na majina ya Kiswahili kabla wataalamu hawajaanza kuyaandikia. Istilahi huja kwa kutumiwa. Yatakuwepo ya kuchekesha, sikatai. Yule mhariri anayeamua habari ipi ipite na ipi isipite, tukimwita mlinda mlango, nusu ya darasa itafikiria Simba na Yanga. Watazoea, kama Waingereza walivyozoea panya wa kompyuta.

La pili lina uzito zaidi. Wanasema: unamfunga kijana wa watu. Daktari wa mawasiliano anataka ajira, anataka kusomwa, anataka makala zake zichapishwe nje. Kenya, vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, na majarida mengi ya namna hiyo ni ya Kiingereza. Nakubaliana nao kiasi kikubwa. Nisingemshauri mtu yeyote aandike tasnifu kwa Kiswahili kwa ajili ya bendera tu. Inawezekana: mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilimtunuku Hleze Kunju uzamivu kwa tasnifu aliyoiandika kwa isiXhosa, na dunia haikusimama. Lakini lugha ya jalada si kiini cha ninachodai. Rose Marie Beck alichunguza maandishi ya kanga kama njia ya mawasiliano, akatoa kitabu chake mwaka 2001 kwa Kijerumani. Misemo ya kanga imo mle kwa Kiswahili chake, na msomaji anayeijua lugha anaweza kumpinga msemo kwa msemo. Huo ndio usalama ninaoutaka. Kazi iliyoandikwa kwa Kijerumani inaweza kuwa mwaminifu kwa Kiswahili kuliko kazi iliyoandikwa na mzaliwa wa Pangani akiwa amefuta Kiswahili chote.

Wapo pia wanaotetea tafsiri yenyewe, na hawa ndio hunifanya nifikiri. Kutafsiri, wanasema, humfanya mtu alione neno. Mzawa halioni neno kilio mpaka siku anapotafuta mwenzake kwa Kiingereza na kumkosa. Hapo ndipo hushtuka. Ni kweli tupu, na hata mimi uchambuzi wangu wa mwanzo jioni hii umenufaika na mkwamo huo. Lakini tazama mkwamo huo huishia wapi. Mtafiti anasita mbele ya neno kwa dakika kumi, anaandika moja, analifuta, anaweka jingine, anakata shauri, anaendelea. Zile dakika kumi ndizo zilizokuwa uchambuzi wenyewe, tena pengine ulio bora kuliko wote katika tasnifu nzima, na hazikuandikwa popote. Msomaji anapewa neno lililoshinda bila kuonyeshwa yaliyoshindwa. Kama tafsiri ina thamani wanayoisema, basi iletwe mezani: usemi wa asili, tafsiri, na kwa maneno yaliyogoma, maelezo ya mgomo.

Kisha kuna wale wanaonigeuzia kisu. Wewe unatetea Kiswahili, wanasema, je, Wamasai wanaosikiliza redio ya jamii ya Terrat kwa Kimaa? Je, vijana wa Nairobi wanaosikiliza Ghetto Radio kwa Sheng? Si Kiswahili hicho hicho kinachowameza? Kisu kinakata, nami sikikwepi. Nimeona ni rahisi mno kwa watu wetu kulalamikia Kiingereza na kisha kuchukua maneno ya mama wa Kisukuma na kuyaandika kwa Kiswahili sanifu bila kumwambia mtu. Sheng hufuliwa mara mbili: mnukuzi huisafisha iwe Kiswahili cha shule, mtafsiri huisafisha iwe Kiingereza cha ofisi, na kijana wa Eastlands akatoka upande wa pili akisema kama katibu tarafa. Kanuni ni ile ile kwa wote: usemi uchambuliwe ulivyosemwa. Kama mtafiti hajui Kimaa, ama ajifunze ama awe na mshirika anayekijua, na mshirika huyo atajwe kwa kazi yake badala ya kuzikwa katika ukurasa wa shukrani kati ya mchungaji na mpiga chapa.

Gharama ipo. Kunukuu saa moja ya kipindi chenye watu watatu wanaokatizana kunaweza kumaliza siku, na kuweka usemi wa asili sambamba na tafsiri hunenepesha tasnifu. Mfadhili anataka mtu amalize, familia inataka amalize, idara inataka jina lake kwenye orodha ya mahafali. Lakini hatua nyingi hazihitaji fedha. Chuo kinaweza kuamua kwamba angalau mtahini mmoja lazima ajue lugha ya data, awe wa Dodoma, Bayreuth au Muscat. Kinaweza kudai nusu ukurasa kuhusu tafsiri katika sura ya tatu pale ambapo leo kuna sentensi moja. Kinaweza kudai ikisiri pana ya Kiswahili, ya kurasa kumi hivi, ili mtangazaji aliyefanyiwa utafiti aweze kuisoma na kusema ameonewa. Na kinaweza kubadilisha matumizi ya viambatisho. Leo ukifunua nyuma ya tasnifu utakuta dodoso kwa Kiingereza, dodoso kwa Kiswahili, barua ya kibali na ramani ya wilaya. Maswali ya mtafiti yamehifadhiwa kwa lugha mbili, na majibu ya watu, kwa maneno yao wenyewe, hayamo. Maktaba ikitaka kuyapokea, yakiwa yameondolewa majina ya watu, yanaingia kwenye diski ndogo kuliko ukucha. Mpaka hapo itakapotaka, sauti ya yule mpiga simu imo kwenye simu ya mkononi ya mtafiti, kati ya picha za harusi na rekodi za vikao, na simu ya mkononi watu huibadilisha kila baada ya miaka miwili, mitatu.